Sura ya Nne Chini ya Mkeka

Enzi zetu sisi tuliokulia Chang'ombe, kitabu hakikuwa mali ya mtu mmoja. Kilikuwa cha darasa zima, na darasa lilikuwa la watoto arobaini na kitu, na kila mtoto alikuwa na ndugu nyumbani wanaokimezea mate. Wajukuu zetu leo wana vitabu mia ndani ya simu, na bado wanajinyoosha kwenye makochi wakilalamika kwamba hawana la kufanya. Sisi tulikuwa na kimoja. Tulikigombea, tulikiota, na mimi nilikifanyia ubaya ambao mpaka leo, na mvi zangu hizi, nikimaliza kuswali nauombea msamaha.

Uhuru ulikuwa bado mchanga, na ujamaa ulikuwa umepamba moto. Alfajiri tulikimbia mchakamchaka kuzunguka mtaa huku tunaimba, vumbi limetupanda hadi magotini, kila mmoja na ufagio wake wa chelewa na kidumu chake cha maji. Tulifagia uwanja, tulimwagilia mihogo ya shamba la shule, ndipo tukaingia darasani. Saa nne tulipewa uji wa bulga, ile ngano iliyopondwa, mzito, wenye harufu ya gunia. Siku hizi nikiwaelezea wajukuu habari za uji ule wananihurumia, wala hawajui kwamba tulikuwa tunakwangua sufuria. King'ora cha kiwanda kikilia, tulijua saa bila kuangalia ukutani. Baba yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo na alirudi na nyuzi za pamba kwenye nywele. Mama alikuwa akipika vitumbua barazani. Nikitoka shule nilikula viwili vilivyobaki, vya baridi, nikajifunga ushungi na kukimbia chuoni kusoma msahafu.

Chuo chetu kilikuwa baraza la nyumba ya Maalim, limetandikwa majamvi. Ndani kulikuwa na sanduku la mbao, na ndani ya sanduku hilo juzuu thelathini, kila moja na jalada lake la kijani. Akifariki mtu mtaani, au watu wakiwa na shukrani ya jambo, Maalim alitupeleka kusoma hitima. Sanduku lilifunguliwa, kila mmoja akapewa juzuu moja, na sote tukaanza kusoma kwa wakati mmoja. Huyu yuko mwanzo, yule yuko katikati, mwingine yuko mwisho, na sauti zote zinavuma pamoja kama mzinga wa nyuki. Baada ya muda mfupi msahafu wote umesomwa, dua imeombwa, na sisi watoto macho yetu yako kwenye sinia la maandazi. Tuliuliza siku moja kwa nini msahafu umekatwa vipande namna ile. Maalim alituambia ni rehema, ili hata yule asiyeweza kuubeba mzigo wote apate fungu lake, na fungu lake lihesabiwe pamoja na ya wenzake. Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu ndiyo yaliyotuponza.

Na sasa niwaambie habari za Zuhura.

Zuhura alikuwa binti wa mwenye duka pembeni mwa mtaa wetu, watu wenye asili ya Kiarabu waliokaa pale tangu babu zao. Tulikuwa umri mmoja, darasa moja, chuo kimoja. Alikuwa na viatu vyeupe vya plastiki vyenye kidirisha mbele. Alikuwa na mkoba wa ngozi, wakati daftari zangu mimi zilikaa kwenye mfuko niliofumiwa na mama. Nywele zake zilifika mabegani bila kuvutwa na uzi. Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonichoma ni sauti yake. Alipofungua mdomo kusoma, Maalim aliacha kujipepea kwa kipepeo chake cha ukindu. Mimi nilisoma haraka haraka kama ninayefukuzwa, yeye akasoma kama anayetembea na maji kichwani.

Mama yangu alimpenda. Zuhura alipopita kununua vitumbua asubuhi, alisimama akamwamkia vizuri, akamuuliza hali ya mgongo. Akishaondoka, mama alisema, "Mtoto wa watu yule, hata shikamoo yake ina adabu." Mimi nilikuwa pale pale napuliza moto. Hakuna aliyewahi kuisifu shikamoo yangu. Nilikuwa nikimwangalia Zuhura anavyokwenda na viatu vyake, na ninakiri mbele yenu kwamba nilimwombea ajikwae.

Basi mwaka huo mama akaandikishwa kisomo cha watu wazima. Nyie mnaokumbuka mnajua jinsi jambo lile lilivyokuwa kubwa. Balozi wa nyumba kumi alipita mlango kwa mlango, na akina mama waliokwepa waliimbwa kwenye nyimbo. Baada ya alasiri, madarasa yetu yaligeuka kuwa yao. Mama yangu, mwenye kiuno kipana, alijibana kwenye dawati langu mimi, kanga begani, akachora herufi moja moja huku ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Aliona haya mwanzoni. Baadaye akaanza kusoma kila kitu: maandishi ya kwenye gunia la unga, jina la kiwanda kwenye fulana ya baba, bango la zahanati. Alisoma kwa kidole, akisukuma neno kama anayesukuma mkokoteni kwenye mchanga. Likimtoka, alicheka peke yake. Sijawahi kumwona mama akiwa na furaha kama miezi ile.

Ndipo kilipokuja kitabu. Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Komba, mtu wa Songea, Mkristo mcha Mungu, mrefu, mwenye shati moja jeupe lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Kitabu cha hadithi kilipofika shuleni kilikuwa kimoja tu kwa darasa letu. Alitueleza kwamba tuna njia mbili: akifungie kabatini kisichakae, au tugawane. Kisha akatoa wembe. Tulibana pumzi kwa woga, maana hatukuwa tumewahi kuona mtu mzima akikata kitabu. Alikifungua taratibu sura kwa sura, akapata vijitabu kumi, akavishona kwa uzi mweusi na kuvivika majalada ya karatasi ya kaki ya mifuko ya sukari. Kwenye kila jalada aliandika namba kwa kalamu nyekundu. Ikapigwa kura ya vikaratasi, wakapatikana watoto kumi wa kuwa walezi wa sura hizo, kila mmoja atunze yake na kuwaazima wengine.

Zuhura akapata ya kumi.

Mimi nilipata ya nne. Nilikitazama kile kikaratasi changu kana kwamba nikikitazama sana namba itabadilika. Ya kwanza ina heshima ya kuanza. Ya kumi ndiyo inayojua mambo yalivyokwisha. Ya nne ni nini? Hata watoto wenzangu walinong'onezana, wakaniita mama wa katikati. Zuhura aliibeba ya kumi kwa mikono miwili, na mimi nilihisi kitu kinapanda kifuani kama kiungulia.

Mwalimu alitupa siku tatu tukisome. Tulichofanya sisi kumi ni hiki. Siku hiyo hiyo, baada ya chuo, tulikaa kwenye majamvi ya Maalim, tukajipanga vizuri, tukafungua sura zetu, tukaanza kusoma sote kwa pamoja, kila mtu yake, kwa sauti. Anna peke yake ndiye asiyekuwa mtoto wa chuo. Baba yake alikuwa fundi wa vinyago, Mmakonde, na Anna alitufuata kwa sababu ndiye mlezi wa sura ya sita. Alituangalia kushoto na kulia, akaona tumeshika kasi, naye akaanza yake. Tulivuma kweli kweli. Kabla king'ora cha jioni hakijalia tulikuwa tumemaliza, tukafumba vijitabu vyetu na kupangusa uso. Anna aliuliza kama sisi tumeelewa, maana yeye hakuelewa kitu. Tukamwambia asiwe na wasiwasi, kitabu kimesomwa.

Kesho yake tulisimama mbele ya Mwalimu Komba tumebinua vifua.

"Shikamoo mwalimu. Kitabu tumekihitimu."

"Marahaba. Chote? Kwa siku moja?"

"Chote, mwalimu. Tulikaa kikao kimoja."

Alifurahi yule mtu mpaka akavua miwani. Akamwambia mlezi wa kwanza aeleze hadithi. Yule akaeleza kwamba kuna binti anaitwa Tatu na bibi yake mgonjwa, na bibi amempa ufunguo wa sanduku aupeleke kwa baba yake kambi ya mkonge. Halafu? Halafu hajui. Mlezi wa saba akasema kuna mpishi mwenye jicho moja. Mpishi gani? Hajui. Zuhura akasema mwisho wake watu walilia na kukumbatiana. Walilia nini? Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona Zuhura hana jibu, na Mungu anisamehe, nilistarehe.

Mwalimu hakuwahi kuona hitima, hivyo alidhani tumemfanyia mzaha, mpaka Anna alipomweleza jinsi tulivyokaa. Akakaa kwenye meza yake, akacheka kimya kimya, mabega yanatikisika. Kisha akatufundisha jambo ambalo sijalisahau. Alisema kwenye dini yetu tunajua vizuri tunachofanya na yeye hana neno juu yake. Lakini hadithi haikukatwa sura ili watu waimalize mara moja. Akatutolea mfano wa mtu anayekwenda Kimbiji, kule mbali pwani, kwa miguu. Mtu huyo hapumziki popote miguu inapochoka. Anapumzika penye kivuli na maji, na akiinuka pale anajua ametoka wapi na kumebaki nini. Mwandishi ndiye aliyetangulia njia hiyo, akatutafutia vivuli. Anakuacha mahali ambapo umechoka kidogo, lakini bado una hamu ya kwenda.

"Ukiruka kituo kimoja," alisema, "unaweza kufika, lakini hutajua njia."

Akatupa utaratibu mpya. Sura zizunguke kwa mpangilio, kila mtu azisome zote kumi kuanzia ya kwanza. Na mwisho atachagua mmoja wetu akasome kitabu kizima mbele ya akina mama wa kisomo, wapate hamu ya kusoma wenyewe.

Mbele ya akina mama. Mbele ya mama yangu. Kuanzia dakika ile sikutaka kitu kingine duniani. Nilijiona nimesimama pale mbele, mama yuko kwenye dawati langu, mkono shavuni, ananisikiliza mimi. Na kila nilipojiona hivyo, Zuhura alikuja akasimama mahali pangu.

Nilisoma sura ya nne mara nyingi kuliko zote. Ndani yake Tatu anafika stesheni amechoka, anakutana na mama mmoja mnene mwenye tabasamu, naye anampa chai na mkate, anamwita mwanangu. Mama yule anamwambia uzi ule wa shingoni utakatika na ufunguo utapotea, bora amshikie. Na Tatu anampa mwenyewe, kwa mkono wake. Sura inaishia hapo, treni inapiga honi. Nilipoirudia mara ya tatu nikagundua kwamba hii si sura ya katikati tu. Ndiyo iliyobeba kila kitu. Asiyeisoma hawezi kujua ufunguo ulikwenda wapi.

Shetani naye hakuwa mbali. Nilipoombwa niiazime, nilisema bado. Nilipoombwa tena, nilisema mdogo wangu ameichana, tunatafuta vipande. Nikaiweka chini ya mkeka, kwenye kitanda changu cha kamba, nikalala juu yake. Wenzangu waliniletea sura zao zote na mimi nikazisoma kwa zamu. Wao walitoka ya tatu wakaingia ya tano wakiwa wamekunja nyuso. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nikiwa mimi peke yangu ninayejua hadithi nzima, Mwalimu atamchagua nani mwingine?

Zuhura alikuja nyumbani siku moja kuniuliza kama vipande vimepatikana. Mama akamkaribisha ndani, akampa kitumbua, wakakaa wanaongea kuhusu herufi zinazomsumbua mama. Zuhura alikaa kitandani kwangu, juu ya mkeka. Mimi nilisimama mlangoni, macho yangu kwenye mkeka. Alimfundisha mama jinsi ya kutamka neno refu kwa kulikata, na mama akalisema mara mbili bila kukosea, akapiga paja lake kwa furaha. "Wewe mtoto ungekuwa wangu, ningekwisha kuwa karani," alimwambia. Zuhura alipoondoka nilitaka kuichoma ile sura. Niliacha kwa kuogopa moshi.

Ilipofika siku ya Mwalimu kuchagua, hila yangu ilinirudia. Alisema akina mama hawatasimuliwa, watasomewa kutoka kwenye karatasi, ili waone kwamba maneno yote yametoka pale kwenye herufi wanazojifunza. Kwa hiyo kujua kwangu hakukunifaa kitu. Ili kunifaa ningelazimika kuitoa sura niliyosema imechanika. Nikaiacha chini ya mkeka. Sura ya nne, Mwalimu alisema, ingerukwa kwa kuwa imechanika. Akamchagua Zuhura, na darasa zima likapiga makofi, na mimi nikapiga pia.

Siku yenyewe tuliruhusiwa kuchungulia madirishani. Akina mama walikuwa wamejaa, wamevaa kanga zao nzuri kana kwamba wamealikwa kwenye ndoa. Mwalimu Komba alisimama nyuma, mikono kifuani. Zuhura akaanza. Nataka niwe mkweli: alisoma vizuri. Alipofika pale bibi anapomvisha Tatu ufunguo shingoni kwa uzi, kuna mama mmoja alifuta macho kwa pindo. Mama yangu alikuwa ameweka mkono shavuni, kama nilivyoota, midomo yake inacheza kidogo, inafuata maneno. Alikuwa anamsikiliza Zuhura. Nilishika chuma cha dirisha mpaka vidole vikafa ganzi.

Sura ya tatu ikaisha. Zuhura akafungua ya tano. Alisoma mistari michache, ile inayosema Tatu ameamka ndani ya treni, anajipapasa, analia kwa sababu ya ufunguo. Darasa likaanza kuguna. Mama yangu akanyanyua mkono kama mwanafunzi.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Ufunguo si alikuwa nao? Umekwenda wapi?"

Zuhura akasema hapo katikati kuna sura moja haipo.

"Haipo vipi?" mama aliuliza. Jirani yetu mmoja akadakia kwamba ndiyo mambo ya vitabu hayo, vinakula maneno kama panya. Wakacheka. Mama hakucheka.

"Mie nimeacha vitumbua vyangu nimekuja kusikiliza," alisema. "Nilikuwa naelewa. Kwa mara ya kwanza nilikuwa naelewa kitabu. Sasa nimepotea." Akauweka mkono chini. Nilimwona anavyorudi kuwa yule mama wa siku za mwanzo, aliyekuwa akiona haya.

Zuhura aliinua macho akatazama dirishani, moja kwa moja kwangu. Nikajua anajua. Nikajua amejua tangu siku ile alipokaa kwenye mkeka. Nilisubiri aniumbue.

"Sura hiyo anayo Mwanahawa," alisema kwa sauti ile ile ya kusomea. "Alikuwa anaiunga vipande. Mwanahawa, shoga, nenda kailete. Uisome wewe."

Nilikimbia. Nyumbani hakukuwa na mtu. Niliinua mkeka nikaivuta, nikarudi natweta, nikapita katikati ya madawati hadi mbele. Zuhura akanipisha, akaenda kukaa sakafuni. Nilipofungua kijitabu kile mbele ya akina mama wote, hakikuwa na mchaniko hata mmoja. Jalada lilikuwa safi, limelala vizuri, na nyuma limepata mistari ya ukindu wa mkeka. Mama yangu, aliyeusuka mkeka ule kwa mikono yake, alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu.

Nilisoma. Nilianza kwa kukimbia kama kawaida yangu, kisha nikaona midomo ya mama inajaribu kunifuata na kushindwa, nikapunguza. Yule mama mnene wa stesheni alipotabasamu, akina mama walianza kumshuku. Alipoomba ufunguo, mmoja wao alisema taratibu, "Usimpe, mwanangu." Tatu akampa. Darasa zima likaguna kwa uchungu, na treni ikapiga honi. Zuhura akaja akaendelea na ya tano, na sasa akina mama walijua kwa nini Tatu analia.

Hivyo ndivyo nilivyopata nilichokitaka. Mama alinisikiliza mimi, mkono shavuni, kwa muda wa sura moja.

Tulirudi nyumbani. Alipofika barazani aliweka kanga yake, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akaniita nisimame mbele yake. Hakushika fimbo.

"Umesoma vizuri leo," alisema. "Nimefurahi. Sasa nisikilize. Mimi herufi nimezipata ukubwani, neno moja nalitafuta kama sindano kwenye mchanga. Kitabu kizima kwangu ni mlima. Sura moja naiweza, nikiimaliza naweza kusema leo nimefika hapa. Wewe ukinificha hiyo moja, umenificha chote."

Kisha akaongeza: "Kesho mpelekee mwenzio. Umwambie ukweli kwa mdomo wako."

Nikampelekea. Zuhura alikuwa dukani kwao, anafunga sukari kwenye karatasi. Nilimwambia nilivyofanya, maneno machache, natazama viatu vyake. Akasema alijua. Aliisikia karatasi inalia chini ya mkeka alipokaa. Nikamuuliza mbona hakunisema siku ile mbele ya watu.

"Ningekusema, ungekimbia," alisema. "Halafu mama yako angeisikia wapi?" Akaipokea sura ya nne, akasogea kwenye mwanga wa mlango, akaisoma palepale amesimama, mpaka mwisho, huku mimi namshikia karatasi za sukari.

Ningependa kuwaambia kwamba wivu uliniisha siku hiyo. Haukuisha. Nilimwonea wivu hata kwa jinsi alivyonisamehe bila kujikaza, kitu ambacho mimi nilijua nisingeweza. Aliposomea ualimu nilimwonea wivu. Alipohamia Kimara akajenga, niliomba Mungu anipe moyo wa kumpongeza, nikampongeza, na moyo ukaja baadaye kabisa, polepole. Allah ni mwenye subira kwa waja wake. Mama aliisoma sura ile ya nne kwa kidole mwaka mzima, maana Mwalimu Komba alimwazima, na aliimaliza. Ndiyo maandishi marefu kuliko yote aliyowahi kuyasoma peke yake mpaka alipofariki. Nashukuru kwamba ilikuwa bado ipo ya kuazimwa.

Leo mjukuu wangu Sumaiya anasoma kwenye simu, amelala kifudifudi, miguu juu. Kitabu kizima kiko pale, hakina uzi wala kaki, na sura zimepangwa kwenye orodha. Anagusa kwa kidole anakwenda ya mwisho akaone kama walioana, kisha anafunga. Nikimuuliza katikati kulikuwa na nini, ananiambia, "Bibi, katikati huwa hakuna kitu." Namwonea wivu, sifichi. Namwonea wivu wa mwanga wake, wa chumba chake, wa vitabu vyote vile ambavyo mama yangu angevifuata kwa miguu mpaka Kimbiji. Lakini ikifika alasiri, saa ile ya kisomo cha mama, huwa namtazama na kumwonea huruma kidogo, maana hata akikaa na sura moja mwaka mzima, hakuna mtoto atakayepiga hodi mlangoni petu kumwambia amalize upesi, mtaa mzima unaisubiri.